Chansi Yako ya Sayansi ya Kompyuta Ilianza Kuamuliwa Kidato cha Pili

Kila Januari, matokeo ya KCSE yakitoka, kuna swali moja linanijia kwa meseji kutoka Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet, hadi Londiani: "Niko na B+. Nataka sayansi ya kompyuta. Nitaingia UoN ama JKUAT?"

Jibu langu ni kwamba sijui. Na mtu yeyote anayekujibu "utaingia" ama "sahau" kwa kusikia gredi moja tu, hata awe mwalimu, anabahatisha. Gredi ya jumla haitoshi kujibu swali hilo. Lakini hesabu inayolijibu iko wazi, unaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu, na inaniudhi sana kwamba watoto wa huku kwetu wanaisikia mara ya kwanza wakiwa ndani ya saiba, foleni iko nyuma yao, na jamaa wa saiba ameshaanza kuwachagulia kosi.

Kwa hivyo leo ninasema mambo mawili. La kwanza, jifunze kupima chansi yako mwenyewe. La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, sehemu kubwa ya hiyo chansi iliamuliwa miaka miwili kabla ya mtihani, siku mwanafunzi wa kidato cha pili alipoambiwa achague masomo na hakuna aliyemweleza kwamba kuna mlango unafungwa.

Tuanze na hesabu.

KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo tangu waichukue kazi hiyo kutoka kwa JAB, hawaangalii B+ yako tu. Wanaangalia klasta. Kila kosi ina masomo manne inayoyapima. Kwa sayansi ya kompyuta nguzo ni Hesabu na Fizikia, halafu mengine mawili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, unashuka hivyo hivyo. Masomo manne yakiwa na A zote unapata 48. Halafu kuna jumla yako ya masomo saba, ambayo ikijaa ni 84.

Sasa shika kalkuleta. Gawanya pointi zako za masomo manne kwa 48. Gawanya jumla yako ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, halafu zidisha na 48. KUCCPS wana marekebisho yao ya ziada kulingana na jinsi nchi nzima ilivyofanya, kwa hivyo usishangae ukiona tofauti kidogo kwenye tovuti, lakini mfupa wa hesabu ni huo.

Nikupe mfano wa watu wawili wa kubuni, wote wana B+.

Wa kwanza ana jumla ya 70. Kwenye klasta ana B- ya Hesabu, B- ya Fizikia, na A- mbili. Hiyo ni 8 na 8 na 11 na 11, jumla 38. Ukipiga hesabu anapata kama 39.0.

Wa pili ana jumla ya 67, yaani B+ ya pembeni kabisa, angeteleza pointi moja angekuwa na B. Lakini ana A ya Hesabu, A ya Fizikia, na B+ mbili. Hiyo ni 44. Ukipiga hesabu anapata kama 41.0.

Umeona? Huyu mwenye jumla ndogo amempita mwenzake kwa pointi mbili nzima. Nyumbani kwao wote wameandikiwa B+, wote wamepigwa picha na nyanya, wote wamechinjiwa kuku. Lakini kwa sayansi ya kompyuta hawa si watu wa kiwango kimoja. Pointi mbili za klasta kwenye kosi inayogombaniwa ni umbali mkubwa sana.

Sasa kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye anayenifanya niandike. Ana A-. Amefanya Baiolojia na Kemia vizuri ajabu. Fizikia hakufanya. Kwenye kosi inayodai Fizikia, klasta yake ni sifuri. Usiseme ni ndogo, ni sifuri. A- yake haiwezi kumsaidia hapo hata kidogo, na ameijua habari hiyo siku ya kutuma maombi.

Kabla sijafika kwa Fizikia, acha nimalize kwanza hii stori ya kikomo, kwa sababu wengi wanaisoma vibaya.

Ukiingia kwenye tovuti ya KUCCPS utaona alama za kikomo za mwaka uliopita kwa kila kosi. Watu wanazisoma kama bei ya duka, eti ukiwa na hizo pointi unapewa nafasi. Hapana. Kikomo ni klasta ya mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Ni kumbukumbu ya mashindano yaliyopita. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu zaidi, kinapanda. Wakikimbilia kosi nyingine, kinashuka. KCSE ya 2024 peke yake ilitoa watu 246,391 wenye C+ kwenda juu, na 1,693 kati yao walikuwa na A. Unashindana na hao, si na namba ya mwaka jana.

Kwa hivyo ukitaka kupima chansi yako kwa ukweli, usiangalie mwaka mmoja. Angalia kikomo cha miaka miwili au mitatu. Ukiwa juu ya vyote kwa pointi mbili hivi, una chansi nzuri. Ukiwa katikati yao, ni kama kurusha shilingi. Ukiwa chini ya vyote, hiyo ni ndoto, na ndoto si dhambi, lakini iwekee nafasi moja tu kwenye fomu. Nafasi nyingine ziende kwa kosi unayoweza kuipata na moja ambayo una uhakika nayo.

Na hapa nitagusa kidonda. Huku kwetu watu wanajaza Nairobi na Juja juu mpaka chini kwa sababu ya jina, halafu wanakosa zote na kuanza kutafuta mabaki. Kabianga iko hapo karibu, imekuwa chuo kikuu kamili tangu 2013. Egerton iko Njoro. Maseno haiko mbali. Zote zinafundisha mambo ya kompyuta. Mtoto wa Ainamoi kujaza Kabianga si aibu. Msimbo wa programu hauulizi umeandikwa kampasi gani. Kitu cha aibu ni mtu mzima kumcheka mtoto kwa kuchagua chuo ambacho angeweza kula nyumbani wikendi, akijua vizuri kwamba yeye hatalipia kitanda cha Juja.

Na ukipangiwa chuo ambacho si chako cha kwanza, KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho. Kama klasta yako inafikia kikomo cha kosi unayoitaka na nafasi ipo, unaweza kuomba kuhama. Watu wengi hawalijui dirisha hilo mpaka limefungwa.

Sasa Fizikia.

Katika 8-4-4, wanafunzi wengi walichagua masomo wakielekea kidato cha tatu. Sayansi wanazobeba ni angalau mbili. Kila mwaka wanaofanya Fizikia kwenye KCSE ni wachache kuliko wa Baiolojia na Kemia, na wasichana ndio wachache zaidi. Jiulize kwa nini.

Nenda shule ya kutwa kule ndani Bomet ama Kericho, ile ambayo njia yake ikinyesha mvua ya saa nane hata pikipiki inalala. Maabara ni chumba kimoja kinachotumika kwa sayansi zote. Mwalimu wa Fizikia ni mmoja, na pia ndiye wa Hesabu, na pia ndiye msimamizi wa michezo. Shule inataka wastani upande. Fizikia inashusha wastani. Kwa hivyo msichana mwenye C ya Fizikia anaambiwa kwa upole, "Wewe chukua Baiolojia, utapita vizuri." Na kweli anapita vizuri. Shule inapata wastani wake. Yeye anapoteza sayansi ya kompyuta, na kosi nyingi za uhandisi, bila mtu kumwambia kwamba amepoteza kitu.

Simlaumu mwalimu. Mwalimu mmoja hawezi kuwa watu watatu. Lakini mtoto wa shule kubwa ya kitaifa hapewi huo ushauri. Yeye anaambiwa, "Ukiacha Fizikia, hizi ndizo kosi unazoziacha," halafu anaonyeshwa orodha. Tofauti kati yao wawili si akili. Ni karatasi moja ya habari. Kwa hivyo watu wakiniambia kwamba watoto wa huku "hawapendi teknolojia", nacheka. Wangependa vipi kitu ambacho kilitolewa mezani wakiwa na miaka kumi na sita?

Na msifikiri mtaala mpya umemaliza haya. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Wadogo zetu wa CBE wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wao walichagua njia wakiwa Gredi ya 9: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yaani uamuzi umesogea mapema zaidi. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anachagua njia, na chaguo lake linabanwa na kile ambacho shule za karibu zinaweza kufundisha. Kama una mdogo wako Gredi ya 8, zawadi kubwa unayoweza kumpa si bando. Kaa naye umweleze kile ambacho kila njia inafungua na inachofunga.

Kama bado unafanya Fizikia na unasoma hii, sikia: usiiache Fizikia kwa sababu ya C moja. C ya kidato cha pili inaweza kupanda. Somo ambalo hukulifanya halipandi. Kama uko kidato cha nne na tayari uliliacha, usilie. Zipo kosi za karibu, kama teknolojia ya habari upande wa biashara, ambazo baadhi ya vyuo havidai Fizikia. Soma masharti ya kila kosi, moja moja. Na kama gredi yako haifiki C+, diploma inaanzia C-, na kutoka diploma watu wanaendelea hadi digrii. Ni njia ndefu, lakini ni njia.

Tuje kwa pesa, kwa sababu chansi ya kuingia na chansi ya kumaliza ni vitu viwili.

Mfumo mpya wa ufadhili ulianza 2023. Unapewa ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na familia inalipa kilichobaki, kulingana na daraja mliyowekwa. Mwaka 2024, daraja la chini kabisa familia ilikuwa inalipa asilimia 5. La juu kabisa ilikuwa inalipa asilimia 40. Tuseme kosi ilikuwa laki mbili kwa mwaka. Daraja la kwanza mlikuwa mnatafuta elfu kumi. Daraja la tano mlikuwa mnatafuta elfu themanini. Kosi ni ile ile, mwanafunzi ni yule yule.

Sasa fikiria familia ya majani chai. Pesa ya kila mwezi ya kilo ni kidogo, ile kubwa ni bonasi, na bonasi inakuja karibu na Oktoba. Chuo kinafunguliwa Agosti au Septemba. Yaani karo inabisha mlango kabla pesa haijatoka kiwandani. Na bonasi yenyewe upande wetu huu imekuwa chini ya ile ya upande wa mashariki ya Bonde la Ufa, mnaijua hiyo kelele vizuri. Kwa hivyo ukijaza fomu ya ufadhili, jaza ukweli na ukamilifu. Andika ndugu wangapi wako shule. Andika kama shamba ni la babu na si la baba. Ukiwekwa daraja lisilokufaa, kata rufaa, usinyamaze.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Si wewe mwenyewe uliacha chuo?" Ndiyo. Niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Leo nakula kwa video na maandishi. Na kwa sababu hiyo hiyo sina chuo cha kukuuzia, wala sina sababu ya kukuuzia uongo mwingine kwamba digrii haina maana, eti jifunze kwenye YouTube tu.

Angalia vizuri wanaosema hivyo. Wengi wana laptopu, wana Wi-Fi ya nyumbani, wana binamu Nairobi anayefanya kazi ya programu. Mtoto wa mchunaji wa chai hana hata kimoja. Kwake chuo ndiyo laptopu, ndiyo intaneti, ndiyo maabara inayofunguliwa usiku, ndiyo wenzake wanne wanaokaa naye mpaka kosa kwenye programu lionekane. Mimi kutoka salama si ushahidi kwamba chuo hakifai. Kwa kila mmoja unayemwona hapa mtandaoni baada ya kuacha chuo, kuna wengine wamerudi nyumbani na hawapigwi picha.

Na ng'ambo je? Wengine mnaniuliza MIT na Harvard. Hapo tuseme ukweli pia. Harvard inakubali chini ya watu 5 kwa kila 100 wanaoomba, na wengi wa wanaoomba wana gredi za juu. MIT inachukua kama wanafunzi wapya 1,100 tu kwa mwaka, dunia nzima, na inadai SAT au ACT. Habari njema ni kwamba vyuo kama MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst haviangalii uwezo wa familia vinapoamua, hata kwa mgeni, na ukiingia vinalipia pengo. Habari ngumu ni kwamba maombi yao ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, wakati KCSE ndiyo kwanza inatoka. Kwa hivyo Mkenya mwenye A mara nyingi anasubiri mwaka mzima ndipo aombe.

Lakini haijawahi kuwa ndoto tupu kwa watu wa Bonde la Ufa. KenSAP ilianzishwa 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya Olimpiki ya 1972, na imepeleka watoto wa huku kwetu kwenye vyuo vikubwa vya Marekani. Equity nao wana mpango wao kwa waliofanya vizuri sana. Hao hawakuuzii nafasi. Mtu akikuambia nafasi iko, tuma pesa kwanza, kumbuka wazazi wa Uasin Gishu walioandamana 2023 wakidai pesa walizolipia safari za Finland na Canada. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini nimeandika yote haya kuhusu kosi moja? Kwa sababu Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuna chai hapa Kericho. Naelewa hasira yao, mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ni ya mama zetu. Lakini mashine zitaendelea kuja. Swali ni kama mtoto wa yule mama atakuwa miongoni mwa wanaozitengeneza, kuzirekebisha na kuamua zitumike vipi, ama atabaki kusimama kando ya shamba akiziangalia. Swali hilo halijibiwi na hotuba. Linajibiwa kwenye fomu ya kuchagua masomo, na mara nyingi hakuna mtu mzima anayeketi na mtoto wakati anaijaza.

Kwa hivyo wiki hii fanya kitu kimoja. Kama umemaliza KCSE, piga klasta yako mwenyewe kabla hujaingia saiba, uingie na karatasi yako imeandikwa tayari. Kama una mdogo shuleni, muulize kama bado anafanya Fizikia. Akisema aliambiwa aiache, nenda ukaongee na mwalimu, kwa heshima, kabla muhula haujaisha.